Aksanti ya familia Kasongo kisha kilio ya Papa

Bandugu, barafiki, bajirani, shiye batoto na bajukuu ba Papa Kasongo wa kartie Kenya hapa Lubumbashi tunasema aksanti kwa bote benye balilia na shiye, benye balilala inje na baridi paka asubui, benye balituma kotizasio kwa telefone, bamama ba korali, na bajirani benye balifungua parsele yabo ju bantu bapate fashi ya kuikala. Mungu abalipe.

Kuko na aksanti ingine lazima tuiseme. Siku ya pili ya kilio bazee balianza kubishana nani atazungumuza ku jina ya familia. Shiye tulijuaka kama tuko bantu ba Kamina, ba kwa chefu mukubwa Kasongo Nyembo, Papa mwenyewe alilipaka kotizasio mu mutuelle (chama ya kusaidiana) ya kule maisha yote, na ile wakati ya 1992 na 1993 wenye balikuwa banafukuza bantu ya Kasai mu Katanga, na kila mutu anauliza «Kasongo ya wapi?» (ile jina iko kwa Baluba ya Kasai, iko na kwa ba huku), yeye alijibu mbio mbio «ya Kamina» na mambo inaisha. Sasa njo kukafika mzee moya, pansioné ya Gécamines (kampani ya mine), balikomala na Papa mu kamp moya, akasema pole pole: hapana, baba ya huyu alitoka Maniema.

Tukanyamaza. Yaya akaenda kufungua sanduku ya bintu ya Papa, kule chini kulikuwa buku ya kazi ya nkambo, baba ya Papa, ya Union Minière (kampani yenye ilikuwaka mbele ya Gécamines), karatasi imekauka sawa jani ya tumbako. Jina: Ramazani. Kwenye alitoka: Kasongo, ile muji ya Maniema. Mzee akaeleza kama ba Ramazani balikuwa bengi mu kamp, kapita (mukubwa ya kazi) akaanza kumuita nkambo kwa jina ya muji yake, kisha ku batizo bapère bakaandika Papa Joseph Kasongo, mu 1972 prezida Mobutu akatosha ba Joseph bote, ni kusema majina ya bukristo, na shiye tukabakia na muji ku kichwa ya jina. Nkambo alikuwa muislamu kumbe! Na shiye nguruwe haikosake ku feti yetu.

Mzee alituambia na njia yenye nkambo alipita: Kongolo, Kabalo, kisha mashua juu ya Lualaba paka Bukama, pale njo unapanda treni, ju reli ilifikaka Bukama mu 1918. Bengi balimaliza kontra bakarudia. Nkambo alibakia, ju ku mwisho ya miaka ya 1920 kampani ilianza kutaka mufanyakazi aikale na bibi na batoto mu kamp, na posho ya bote.

Aksanti mzee wetu. Aksanti bandugu ba Maniema benye balikuya siku ya tatu bila kuitwa, na imamu mwenye aliomba kando ya padri, hakuna mwenye alikasirika. Na bandugu ba Kamina, mulibeba sanduku ya Papa paka ku makaburi hata kisha kusikia ile habari, hatuachane, kotizasio tutaendelea kulipa.

Mwenye ana bazee kule Kasongo benye basikiaka habari ya Ramazani mwenye alienda Elisabethville (Lubumbashi ya zamani) na hakurudia, atuandikie. Misa ya siku makumi ine tutabatangazia.