Tunachoandika mtandaoni ni cha nani?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme hili jambo la maoni tunayoandika mtandaoni, maana kila siku watu wanalalamikia bando ila sioni anayeuliza, ukishaandika kitu ukabonyeza tuma, kile kitu kinakuwa cha nani?

Mimi nalima zabibu huku Hombolo. Kuna tovuti moja ya kilimo nilikuwa naingia sana kuwajibu wakulima wenzangu, kijana mmoja akauliza kuhusu ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga kwenye mizabibu, nikamwelezea kwa kirefu, kwamba kwanza apunguze matawi hewa ipite, na dawa ya salfa inasaidia lakini aipige asubuhi mapema, jua la Dodoma likishakuwa kali salfa inaunguza majani. Baadaye nakuja kukuta jina langu na picha yangu kwenye tangazo la duka la pembejeo, wamebakiza "salfa inasaidia" basi, ya asubuhi na jua yote wamekata! Mkulima mgeni akifuata hayo si anaunguza shamba halafu lawama ni zangu? Natafuta pa kufuta sipaoni, pa kuhariri hakuna, nawaandikia imeili kimya, mwisho wakaifunga akaunti yangu na majibu yangu yote yamebaki kwao, mimi hata kopi sina. Imeniuma sana.

Na tusiambiane hakuna sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo toka 1999, ulichokitunga mwenyewe kinalindwa bila hata kukisajili na una haki ya kupinga kisipotoshwe. Ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023 na Tume yake ipo, unaweza kuomba taarifa zako zirekebishwe au zifutwe. Wenzetu Ulaya tangu Mei 2018 mtu anadai hadi apewe taarifa zake kwenye faili ahamie nazo kwingine. Ukisoma masharti ya Facebook wanakwambia ulichoandika ni chako, ila hapohapo unawapa ruhusa ya kukitumia na kukibadilisha bure dunia nzima, angalau wao ukifuta ruhusa inakoma na kitufe cha kufuta kipo. Hizi tovuti zetu ndogo hata hicho hakuna.

Najua wengine watasema mtu akifuta maoni yake mjadala unabaki na mashimo. Sawa, basi waache pale paandikwe kwamba mwenyewe ameyaondoa na majibu ya wengine yabaki, na akihariri ionekane kahariri, ili asije akabadilisha maneno watu waliomjibu waonekane wajinga. Na mwenye tovuti abaki na haki ya kuondoa matusi kwake, hilo sina ugomvi nalo, kuondoa ni tofauti kabisa na kuchukua maneno ya mtu ukayakatakata ukayauzia dawa.

Nanyi magazeti mnapokea maoni mtandaoni, anzeni nyie. Wekeni pa kuhariri, pa kufuta, na pa kushusha kopi ya yote niliyoandika hata kama akaunti imefungwa. Na anayetaka kutumia maneno yangu kwenye tangazo aniulize kwanza na anioneshe atakavyoyaandika, nikikubali ayatumie hivyohivyo, nikikataa ayaache.

Mkulima wa zabibu,
Hombolo, Dodoma