Risala ya Wazazi na Walimu wa Darasa la Kiswahili la Jumamosi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mjumbe wa bodi ya shule ya wilaya yetu;
Ndugu Mwenyekiti wa umoja wetu;
Walimu wakuu na walimu mliofika;
Wazee wetu, akina mama na akina baba;
Watoto wetu mnaohitimu leo;
Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Hamjambo nyote.

Kwa niaba ya wazazi na walimu wa kujitolea wa darasa hili, nakushukuru, Mheshimiwa, kwa kukubali mwaliko wetu. Tunajua vikao vya bodi huisha usiku, na bado umeitoa Jumamosi yako kuja kukaa na sisi. Karibu sana, umefika kwako. Wewe mwenyewe uliingia shule za Marekani ukiwa mtoto wa familia ya wakimbizi, hujui Kiingereza, na leo unakaa mezani penye maamuzi. Kwa sababu hiyo tutazungumza nawe wazi, kama ndugu anavyozungumza na ndugu.

Umoja wetu ni wa wazazi waliotoka Kongo, Burundi, Somalia, Tanzania na Kenya. Wengi wetu tulijuana kambini, Nyarugusu, Kakuma au Nakivale, kabla ya kukutana tena katika nchi hii. Majumbani mwetu kuna Kibembe, Kifuliiru, Kirundi na Kizigula. Tukikutana, Kiswahili ndicho kinachotuunganisha, ingawa kila mmoja anakuja na cha kwake: cha Kivu, cha Kigoma, cha Nairobi. Darasa la Jumamosi lilianza pale tulipoona wajukuu wanakaa na bibi zao bila mazungumzo, kila mmoja na lugha yake. Leo watoto wanaohitimu wanasoma hadithi, wanaandika barua, na mmoja wao atakusomea shairi alilolitunga mwenyewe. Tunawapongeza, na tunawapongeza walimu wao ambao hawajawahi kulipwa hata senti.

Hata hivyo, Mheshimiwa, hatukukuita uje kulisifia darasa hili. Jumamosi ina asubuhi moja tu. Tumekuita tuzungumze juu ya kinachowapata watoto wetu kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa.

Yupo kijana wetu mmoja wa darasa la nne. Uwanjani anacheza mpira na wenzake, anagombana nao na kupatana nao kwa Kiingereza, na anayemsikia anadhani amezaliwa hapa. Jumamosi moja alikuja na karatasi ya sayansi kuhusu mzunguko wa maji. Maswali yote alikuwa ameyaacha wazi. Mwalimu wetu hakumuuliza lililoandikwa pale. Alimuuliza kwa Kiswahili: nguo zikianikwa, maji yake huenda wapi? Kijana akaeleza mpaka wenzake wakaacha kuandika na kumsikiliza. Akasema jua huyanyanyua maji yakawa mvuke, mvuke ukipanda hukutana na baridi, ndipo yanaporudi kuwa mvua. Akaongeza kwamba ndiyo maana mfuniko wa sufuria ukiinuliwa huwa una matone upande wa ndani. Baadaye wakatafuta pamoja maneno ya Kiingereza, akaijaza karatasi yote. Sayansi alikuwa nayo tayari. Alichokosa ni Kiingereza cha kuiandikia, na shuleni hakuna aliyekuwa na njia ya kulijua hilo.

Jambo hili wataalamu wamelichunguza kwa miaka mingi. Jim Cummins wa Kanada alichambua takwimu za watoto wa wahamiaji mjini Toronto, na akaonyesha kwamba Kiingereza cha mazungumzo mtoto hukipata kwa takriban miaka 2, lakini Kiingereza cha vitabu, cha kusomea historia na kujibia mtihani, humchukua miaka 5 hadi 7 kuwafikia wenzake waliozaliwa nacho. Miaka hiyo yote wenzake nao hawamsubiri, wanasonga mbele. Tunalirudia hili kila tunapopata nafasi kwa sababu makosa mengi huanzia hapo. Mtu mzima anamsikia mtoto anaongea vizuri, anaamua kwamba hahitaji msaada tena. Wapo wazazi ambao mtoto amewaambia anaona aibu kutolewa darasani kwenda ESL, yaani kipindi cha Kiingereza kwa watoto ambao si lugha yao ya kwanza, nao wakasaini fomu ya kukataa huduma hiyo. Mwaka unaofuata alama za kusoma zinashuka, na mtoto anaanza kuitwa mvivu. Mtoto huyo si mvivu, na inatuuma sana kusikia akiitwa hivyo.

Mheshimiwa, tunachokiomba leo si hisani. Msingi wake umo katika sheria za nchi hii. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza taasisi inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake. Mwaka 1968 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya elimu kwa lugha mbili, iliyoleta fedha za shirikisho kwa mara ya kwanza kwa ajili ya watoto wasiojua Kiingereza. Johnson alilifahamu jambo hilo kwa karibu, kwani akiwa kijana mwaka 1928 alifundisha watoto wa Kimeksiko katika mji mdogo wa Cotulla, Texas. Kisha ikaja kesi ambayo kila mzazi hapa anapaswa kuijua. Mjini San Francisco, wanafunzi wapatao 1,800 wa asili ya Kichina walikuwa wakikaa madarasani bila msaada wowote wa lugha, na familia zikaenda mahakamani, ya mtoto Kinney Lau ikiwa mojawapo. Wilaya ilijitetea kwamba imewapa vitabu vilevile na walimu walewale kama watoto wengine. Mwaka 1974 majaji wote wa Mahakama ya Juu walikubaliana kwamba kumpa mtoto kitabu kilekile katika lugha asiyoielewa si kumtendea kwa usawa.

Mwaka 1981, katika kesi ya Castañeda iliyotoka Texas, mahakama ya rufaa iliweka vipimo vitatu vya programu za watoto wanaojifunza Kiingereza: programu iwe na msingi wa kitaalamu unaoaminika, iwe na walimu na vifaa vya kuitekeleza kweli, na baada ya muda ionyeshe matokeo, la sivyo ibadilishwe. Sisi tunakipenda zaidi kipimo hicho cha tatu. Kama watoto wetu wamekuwa wakitolewa darasani nusu saa kwa siku, mwaka baada ya mwaka, na bado hawasomi vizuri, basi wakati wa kuibadilisha njia hiyo umefika.

Wapo watakaokuambia kwamba lugha mbili zinamchanganya mtoto, aachwe azame kwenye Kiingereza tu. Hoja hiyo imewahi kupewa nguvu ya sheria. California ilipiga kura mwaka 1998 kubana elimu kwa lugha mbili, na Massachusetts ikafuata mwaka 2002. California yenyewe ilirudi kwenye sanduku la kura mwaka 2016 ikaifuta sheria ile kwa kura nyingi, na Massachusetts ikalegeza ya kwake mwaka 2017. Katikati ya kipindi hicho, watoto wengi walipita shule bila kufundishwa kusoma lugha ya mama zao. Hasara ya namna hiyo haipigiwi kura ikarudi.

Upande wa pili kuna mfano wa zamani tunaoupenda. Mwaka 1963, shule ya msingi ya Coral Way mjini Miami iliwachukua watoto wa wakimbizi wa Kikuba na watoto wa majirani wanaozungumza Kiingereza, ikawafundisha wote kwa lugha mbili: sehemu ya siku Kihispania, sehemu Kiingereza. Mtoto wa mkimbizi hakuwa tena yule anayesaidiwa kila saa. Kipindi cha Kihispania yeye ndiye aliyejua, mwenzake ndiye aliyeuliza. Watafiti Wayne Thomas na Virginia Collier walifuatilia kumbukumbu za wanafunzi wengi katika wilaya mbalimbali za nchi hii kwa miaka mingi, wakakuta kwamba wanaojifunza Kiingereza hufika mbali zaidi katika programu za namna hii zinazodumu hadi mwisho wa shule ya msingi kuliko wanaotolewa darasani kwenda ESL peke yake. Faida hiyo huonekana wazi katika madarasa ya juu, si mwaka wa kwanza wala wa pili. Kwa hiyo bodi inayotaka matokeo ya haraka itakata tamaa kabla mti haujazaa.

Ombi letu kubwa, Mheshimiwa, ni hili: wilaya ianzishe darasa moja la chekechea la Kiswahili na Kiingereza, katika shule moja yenye watoto wetu wengi, nusu ya nafasi zikiwa za watoto wetu na nusu za familia nyingine zitakazopenda. Darasa hilo lipande na watoto wake mwaka hadi mwaka. Tunafahamu ugumu wake. Programu nyingi za lugha mbili hapa ni za Kihispania, na kwa Kihispania vitabu, walimu na mitihani vimeshapatikana. Kwa Kiswahili vitabu vya watoto vitabidi viagizwe Afrika Mashariki na vingine viandikwe hapa hapa. Na tuseme ukweli, wapo watoto ambao Kiswahili chenyewe ni lugha yao ya pili baada ya Kibembe au Kizigula. Darasa hili halitawapa kila kitu, lakini litawapa lugha wanayoisikia kila siku kwa wazazi na majirani, nayo ni hatua kubwa kuliko waliyo nayo sasa.

Utauliza walimu watatoka wapi. Geuka nyuma yako, Mheshimiwa. Katika viti vile wameketi watu waliofundisha miaka mingi Kongo na kambini, na leo wanafanya kazi ya usiku kwenye viwanda vya nyama na maghala. Vyeti vyao vimepotea vitani, au vipo lakini havitambuliwi. Wachache wao wameajiriwa kama wasaidizi wa walimu, na wanafanya kazi nzuri kwa mshahara mdogo. Tunaomba wilaya izungumze na vyuo vya karibu ili wasaidizi hao wasome jioni, walipiwe ada, na wapate leseni ya ualimu. Hiyo ni bei nafuu kuliko kutafuta walimu nje, na hawa hawataondoka baada ya mwaka mmoja, maana watoto wanaowafundisha ni watoto wao wenyewe.

Jambo jingine ni ukalimani. Mama mmoja wa umoja huu aliitwa shuleni kuzungumza kuhusu tabia ya mwanawe wa miaka kumi, na mkalimani aliyewekwa alikuwa mtoto huyo huyo. Mwalimu alisema maneno mengi, mtoto akatafsiri: "Anasema ninaendelea vizuri." Mama akashukuru, akapeana mkono na mwalimu, akarudi kazini. Hatumlaumu mtoto hata kidogo. Mzigo ule haukuwa wake. Tunaomba kila kikao cha mzazi kiwe na mkalimani mtu mzima aliyefunzwa, hata kama ni kwa simu, na hasa vikao vya nidhamu na vya watoto wenye mahitaji maalumu.

Kuhusu utamaduni, tunashukuru kwa siku ya mataifa inayofanywa kila mwaka, na akina mama hupika kwa furaha. Lakini bendera zikishashushwa, Afrika inatoweka kwenye vitabu mpaka mwaka mwingine. Tungependa walimu wafanye kama walivyofanya wenzao wa Tucson, Arizona, waliofanya kazi na mtafiti Luis Moll. Walitembelea nyumba za wanafunzi wa Kimeksiko kama watu wanaokuja kujifunza, wakakuta maarifa ya kilimo, ujenzi, biashara na tiba, kisha wakayaingiza kwenye masomo ya darasani. Nasi tunao hapa mafundi cherehani wanaopima kwa jicho, wakulima, wakunga, na wazee wenye hesabu ya koo zao kichwani. Milango yetu iko wazi, mwalimu yeyote akaribie.

Kwa vijana wa sekondari ombi ni dogo. Upo muhuri wa lugha mbili unaowekwa kwenye cheti cha kuhitimu, ulioanzia California mwaka 2011 na sasa uko katika karibu majimbo yote. Wilaya igharamie mtihani wa Kiswahili kwa wanaotaka kuupata. Vyuo vikuu na waajiri wanauona muhuri huo, na kijana naye anajua kwamba lugha ya nyumbani kwao imehesabiwa.

Nanyi wazazi, ombi hili lina upande wetu pia. Bodi ya shule hukutana hadharani, na mwananchi ana dakika zake za kusema. Ajenda hii ikiwekwa mezani, tujaze ukumbi. Nyumbani, tuwasomee watoto kwa lugha tunayoijua vizuri, iwe Kiswahili au Kibembe, bila hofu kwamba tunawachelewesha. Anayejifunza kusoma kwa lugha anayoielewa haanzi upya akifika kwenye Kiingereza, anakwenda na ujuzi wake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi haya tumeyaandika kwa Kiswahili na Kiingereza na tutakukabidhi sasa hivi, pamoja na orodha ya wazazi walio tayari kuandikisha watoto wao chekechea mwaka ujao wa masomo na majina ya walimu walio tayari kurudi kusoma. Tunakuomba uyafikishe kwa mkurugenzi wa elimu kabla bajeti haijafungwa, na utupe tarehe ya kuja kuyatetea wenyewe mbele ya bodi.

Tunaomba kuwasilisha.