Barua kwa mdogo wangu unayekuja Ujerumani

Mdogo wangu, hongera sana kwa viza, mama kanipigia jana analia kwa furaha. Sasa kabla hujapanda ndege ngoja nikwambie mambo ambayo mimi hakuna aliyeniambia nikaja kuumia bure.

Kubwa ni salamu. Kwetu Tanga ukimpita mtu mlangoni bila kuuliza umeamkaje, wa nyumbani hawajambo, utasemwa mtaa mzima. Huku Leipzig jirani mnakutana kwenye ngazi anasema "Hallo" basi, kaingia ndani kafunga mlango. Miezi ya mwanzo nilikuwa nalia usiku kabisa, nikijua hawa watu wananichukia. Halafu nikashikwa na homa, siku tatu sitoki, nasikia hodi, ni yule yule mama wa chini kaleta supu maana hajaniona nikishuka na takataka. Kumbe muda wote alikuwa ananiangalia, maneno tu ndio hana. Nilijisikia vibaya sana kwa vile nilivyomuwazia.

Na saa, tafadhali sana shika hili. Wakikwambia "halb acht" wewe utasikia nane na nusu, sio, ni nusu ya kuelekea nane, yaani 7:30, kwetu saa moja na nusu asubuhi. Mimi nilienda kwenye usaili wa kazi saa mbili na nusu, nimevaa vizuri, nimefika mapema hata, kumbe nimechelewa saa nzima na kazi ikapotea hivyo hivyo. Huku hata ukichelewa dakika tano unapiga simu unaomba radhi.

Jumapili karibu maduka yote yanafungwa, mapumziko ya Jumapili yamo mpaka kwenye katiba yao, toka ile ya zamani ya Weimar ya 1919, kwa hiyo mchele nunua Jumamosi, na siku hiyo usitoboe ukuta wala kugongagonga, watu wamepumzika. Chupa za plastiki na makopo ya soda usitupe, nyingi zina senti 25 zako ulizolipa wakati wa kununua, unarudisha kwenye mashine ya supamaketi.

Ah na siku ya kuzaliwa, usimpongeze mtu kabla siku haijafika, kwao ni mkosi.

Mwambie mama akupe kanga doti mbili, moja yangu, nyingine ya yule mama wa chini, nilishamuahidi. Jina la kanga achague mama mwenyewe, mi ntamtafsiria.