Mkono wa Idi kutoka Ujiji

Assalaam alaykum ndugu, jamaa na marafiki. Mwezi umeandama. Huku Ujiji tumeuona kwa macho yetu, mwembamba kama ukucha, juu ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Idi Mubarak!

Mlioko Dar es Salaam mmetutesa mwezi mzima. Jua lenu huzama zaidi ya nusu saa kabla ya letu. Redioni adhana inaadhiniwa, nyinyi mko kwenye tende, sisi bado tunautazama uji unavyopoa. Haya, tumesamehe.

Nyumbani kwetu sikukuu huanzia mikononi. Shangazi alianza kuwapaka watoto hina jana, tarehe 28, na kila mwaka hawakosi wa kumcheka kwamba ana pupa. Hana pupa. Hina ikibanduliwa asubuhi huwa na rangi ya chungwa tu, kisha huiva polepole, siku moja au mbili, mpaka ikolee wekundu. Anayengoja mwezi uandame ndipo apakwe, mikono yake hupendeza Idi pili.

Yake ni ya majani. Huyatwanga mwenyewe, huchekecha unga kwa kipande cha mtandio, hukanda kwa chai ya rangi na ndimu. Piko haitaki kuisikia, tangu ile ya dukani iliponibabua kifundo cha mkono. Hukunja nailoni kama bomba, hukata ncha kidogo, basi: shina, jani, ua, jani tena. Hana mchoro alioutunza popote. Aliyekwisha kupakwa hashiki kitu. Hulishwa, hufungwa kanga, hukunwa pua. Jana dada yangu mkubwa, mama wa watoto wanne, alilishwa futari na bintiye kijiko kwa kijiko, huku anafokewa asitikisike. Kwangu mimi Idi ilishaingia pale.

Humkumbuka Shangazi nikiona picha za michoro ya miambani ya Kolo, kule Kondoa: watu warefu, wembamba, wa rangi nyekundu. UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, lakini wenyeji hawakuwa wakingoja cheti. Hadi leo wapo wanaokwenda huko kufanya matambiko, kuombea mvua na wagonjwa. Kwao mwamba ule una kazi. Na hina ina kazi, ingawa wiki mbili tatu tu haipo, na Shangazi hajawahi kuomba ipigwe picha.

Walio karibu, pilau ni baada ya swala, mje na watoto. Mkono wa Idi wao nimeshauchenji noti ndogondogo. Walio mbali, nawaombea kheri na afya. Herufi zikiparaganyika mniwie radhi: nilichelewa kutoka kazini, nimepakwa usiku huu, na kidole kikavu ni kimoja tu.