Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa Kamisheni ya Utafiti wa Afya ya Afrika Mashariki, Bujumbura

Mheshimiwa Katibu Mtendaji,

Naandika nikiwa Mwanza. Nina mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu.

Uganda ilipopima damu za watoto wadogo zaidi ya 97,000, asilimia 13.3 walikutwa wamebeba kinasaba cha ugonjwa huu. Huku kwetu Kanda ya Ziwa hali si nafuu. Wajaluo wa Rorya na wa Homa Bay ni ndugu, na vinasaba vyao havikugongewa mhuri kwenye mpaka wa Sirari. Lakini mtafiti anayetaka kulinganisha watoto wa Mwanza, Kisumu na Mbale hana budi kubisha hodi NIMR ya Tanzania, NACOSTI ya Kenya na UNCST ya Uganda ili apate vibali vya utafiti, kila mlango na fomu zake.

Mwaka 2011 watafiti wa Tanzania na Uingereza walichapisha matokeo ya wagonjwa wa nchi hizo mbili, wakionyesha jinsi jeni ya BCL11A inavyohusiana na kiwango cha hemoglobini ya kijusi, ile ya mtoto akiwa tumboni, ambayo ikibaki mwilini humpunguzia mgonjwa makali. Casgevy, tiba ya selimundu iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023, inalenga jeni hiyohiyo. Marekani, mwaka 2023, bei yake ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Sidai kwamba ilitokana na damu zetu, maana uhusiano wa jeni hiyo na hemoglobini hiyo ulishatambuliwa kabla ya utafiti huo. Ila wagonjwa wetu wamo kwenye maarifa, na kwenye foleni ya tiba hawamo.

Ushirikiano wenye tija tumeuona. Jaribio la haidroksiurea, dawa ya selimundu, la Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda lilihusisha watoto 606. Wengi walihofu dawa ingezidisha malaria. Maumivu yakapungua, na malaria nayo ikapungua. Baadaye Kampala wakaonyesha kwamba kupandisha dozi kulingana na mwili wa kila mtoto kunashinda dozi moja kwa wote. Kwangu mimi hiyo ndiyo tiba mahususi kwa kila mgonjwa, na haihitaji mashine ya mamilioni.

Kwa hiyo naomba Kamisheni iandae kibali kimoja cha kimaadili kinachotambuliwa na nchi zote wanachama, kikiambatana na mkataba mmoja wa sampuli na data. Nakala ya data ibaki ukanda huu, mahali ambapo mwanafunzi wa chuo cha Mbarara au Bugando anaweza kuifungua. Na suala la bei liandikwe kabla sindano haijaingia mkononi: dawa ikipatikana, nchi zilizotoa damu zitaipata kwa masharti gani? Likiachwa mpaka dawa iwe sokoni, hatutakuwa na cha kujadiliana.

Mwanangu alishatolewa damu ya utafiti. Nilisaini fomu ya kurasa nyingi, majibu sijayaona. Mkataba uweke muda wa kuwarudishia wazazi majibu, tena kwa lugha wanayoizungumza nyumbani. Na rasimu yake tuletewe tuisome kabla mawaziri hawajaitia saini.

Wako,
Mzazi, Mwanza