Kwa vijana wangu mlio mjini: sio kila unachokipenda ni fursa

Watoto wangu, wajukuu zangu, na nyie wengine ambao sio damu yangu ila mkipita mnanipa shikamoo babu, marahaba wote. Naandika kwenye simu kwa kidole kimoja kwa hiyo mkiona sentensi haina nukta jueni sikuona pa kuiweka, endeleeni tu kusoma.

Nimewasikiliza sana mnapokuja huku Lushoto kula sikukuu. Mnaongea vizuri, mnajua mambo mengi kuliko sisi tulivyokuwa umri wenu, hilo nakubali. Ila kuna neno moja halikauki midomoni mwenu, fursa. Mama akipika maandazi matamu ni fursa, dada akimsuka mdogo wake ukumbini ni fursa, mtoto wa darasa la nne akichora gari ukutani badala ya kuchapwa anaambiwa huyu akishikwa vizuri ni hela huyu. Sasa sikukuu iliyopita mmoja wenu, simtaji, kasimama barazani kwangu anaangalia makopo yangu ya maua, hata chai hajanywa, kashatoa simu anapiga hesabu, babu tukiwa na makopo mia mbili, tukafungua ukurasa, tukaweka bei, mzigo tunaushusha Dar kwa basi. Nikamwambia kaa kwanza unywe chai.

Yale maua hayauzwi. Na ninachotaka kuwaambia wote ni hiki, kila mmoja wenu ajitafutie kitu kimoja kidogo, hata kiwe cha kijinga machoni pa watu, anachokipenda mpaka anaamka usiku kwenda kukichungulia, na ambacho hakimwingizii hata mia. Na asikubali kije kimwingizie.

Najua mtasema mzee ana pensheni ndio maana anaongea hivi. Semeni tu, ila huu ugonjwa wa kupenda vitu vidogo visivyo na hela sikuupata kwenye pensheni. Mimi nimefanya kazi masijala, nadhani wengi wenu hata hamjui masijala ni nini, ni kile chumba cha mafaili ambacho bosi akisema leteni faili la fulani wewe ndio unajua liko rafu ipi. Barua inaingia, unaisajili, unaifunga kwenye faili, unaipiga namba ya folio, yaani namba yake ndani ya faili, pale juu kwenye kona, faili linatoka, linarudi, au halirudi na hapo ndio utamu wa kazi unaanza maana unalisaka ofisi kwa ofisi. Mshahara wenyewe mnaujua. Kilichonifanya niamke asubuhi nikiwa na hamu ya kwenda, siwafichi, kilikuwa ni penseli.

Cheka tu. Penseli. Kuna watu wanapenda peni na mimi siwalaumu, hata ile Bic ya kawaida ambayo imekuwepo tangu 1950 ukiiangalia vizuri utaipenda, ina pembe sita ili isibingirike ikaanguka mezani, na pale ubavuni ina katundu kadogo ka kuingiza hewa ili wino ushuke, mtu alikaa akayafikiria hayo yote kwa ajili ya kitu ambacho wewe unakitafuna kwenye kikao. Ila penseli ina mambo yake. Ule mkaa wa ndani sio mkaa na wala sio madini ya risasi, ni grafaiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi ikachomwa, na aliyetengeneza mchanganyiko huo ni Mfaransa anaitwa Conté mwaka 1795, nchi yake ikiwa vitani na grafaiti safi ya Uingereza haiji tena. Ukizidisha udongo penseli inakuwa ngumu, hizo ndio za H, ukipunguza inakuwa laini na nyeusi, hizo ndio za B, na HB iko katikati ndio maana ndio imejaa kwenye mikoba ya wanafunzi. Mimi ni mtu wa 2B. Inateleza kwenye karatasi vizuri mno, na ukichonga kwa wembe badala ya kichongeo unaweza kuipa ncha ndefu unavyotaka, tatizo ni moja tu, inaisha haraka, na hata hilo kuisha kwake mi naona raha, kipande kikibaki kifupi hakishikiki nakitia kwenye kopo na wenzake. Wafanyakazi wenzangu walikuwa wananiita mwanafunzi. Sikujali. Kuna siku ofisi nzima imenuna, mkubwa kafoka, mishahara imechelewa, mi nimeinama nachonga penseli yangu na moyo umetulia kabisa na hakuna aliyejua.

Sasa maua. Hapa mnivumilie maana nikianza sinyamazi.

Yale ya kwenye makopo, yenye majani yana manyoya manyoya na vijiua vya zambarau, huko nje dunia nzima wanayaita kwa jina la Afrika, African violet, na Wajerumani wanayaita kwa jina la Usambara kabisa, Usambaraveilchen, milima hii hii mnayoipanda kwa kona zile mkitapika kwenye basi. Yametoka hapa. Mwaka 1892 wakati wa ukoloni kulikuwa na mtawala wa Kijerumani upande wa Tanga, jina lake Saint Paul, aliyaona akayapeleka kwao kwa baba yake, baba naye akampa bwana Wendland aliyekuwa mkuu wa bustani ya kifalme kule Hannover, na mwaka uliofuata, 1893, yakapewa jina la kitaalamu, Saintpaulia, yaani jina la mtawala na babake. Watu wetu walikuwa wanayapita kila siku wakienda kutafuta kuni, lakini ndio hivyo, mwenye kalamu ndiye anaandika jina. Juzi juzi hapa, 2015, wataalamu wameyahamishia kwenye ukoo mwingine wa Streptocarpus baada ya kuchunguza undugu wao, kwa hiyo hata hilo jina la mkubwa limeshushwa cheo, na mimi nilifurahi kidogo.

Halafu miaka ya 1920 mbegu zikafika Marekani, California huko, wakayazalisha wakapata rangi ambazo msituni hazipo, ya waridi, meupe, yenye petali mbili mbili, yenye ukingo wa mikunjo, na ilipofika 1946 wapenzi wake wakaunda chama chao, kipo mpaka leo. Wana mashindano. Mtu anakaa mwaka mzima anazungusha kopo lake kila baada ya siku chache ili majani yatoke duara sawasawa pande zote, akienda mashindanoni jaji anaangalia kama kuna jani limekosa mpangilio. Aina walizosajili ni maelfu. Watu wazima hao, wengine wana wajukuu kama mimi. Nilipolijua hilo nikasema basi siko peke yangu, wagonjwa tupo wengi duniani.

Na huku yalikotoka, msituni, baadhi ya aina zake zinaelekea kupotea maana yanataka kivuli na unyevu, yanaota kwenye mawe kandokando ya vijito chini ya miti mikubwa, miti ikikatwa jua linapiga jiwe, basi, kwisha. Mkitaka kuyaona kwao nendeni Amani kule Muheza, ni hifadhi tangu 1997, muyaangalie kwa macho muondoke, msing'oe. La kwangu la kwanza nilipewa jani na mama mmoja wa misheni.

Jani, eeh, hilo ndio lililoniroga. Hayahitaji mbegu. Unachukua jani zima, sio kuukuu sana sio changa sana, unakata kikonyo kwa mshazari ukiacha kama sentimita tatu, unakichomeka kwenye kopo la Blue Band ulilotoboa chini, ndani udongo mwepesi uliochanganywa na mchanga na mboji iliyooza vizuri, unanyunyiza, unafunika na mfuko wa nailoni, unaweka dirishani penye mwanga ila sio jua. Halafu unasubiri. Wiki zinapita jani liko vile vile, hata halina habari na wewe. Unaanza kudhani limekufa, unataka kulichomoa uangalie, usichomoe! Mwezi, miezi miwili, siku moja unaamka unakuta pale chini kwenye udongo kuna kitu kama sikio la panya kimechungulia. Kesho vinakuwa viwili. Mama yenu ananisikia napiga kelele peke yangu dirishani anadhani nyoka kaingia. Maua yenyewe ni baadaye sana, miezi sita na zaidi, na wala hayanukii, hayana harufu hata kidogo, hayaliwi, hayatibu mafua. Maji usiyamwagie juu, yakiwa ya baridi majani yanatoka madoa, unaweka kopo kwenye sahani yenye maji yanywe kwa chini halafu unamwaga yaliyobaki. Mi maji nayaacha jikoni usiku kucha yapoteze ubaridi, na mtu aliyesema Lushoto kuna baridi kweli hajakosea.

Sasa nimjibu yule wa fursa. Mwanangu, nikianza kuuza, anayechagua rangi sio mimi tena ni mteja. Mteja anataka jekundu, anataka leo, anataka lenye maua tayari, na ile miezi miwili ya kuchungulia udongo itageuka kuwa ucheleweshaji. Kopo likifa leo nakaa nalo najiuliza limekufa na nini, maji au kivuli au udongo, nachimba naangalia mizizi, siku nzima imekwenda na nimejifunza kitu. Kopo la biashara likifa ni hasara tu, unatupa. Na kuna jambo jingine, kwenye biashara huruhusiwi kuwa wa wastani. Mimi maua yangu ni ya wastani, mengine yana shingo ndefu yamepinda, jaji wa Marekani angeyaona angelia, na hakuna anayenidai.

Sisemi msifanye biashara jamani, msije mkaniambia babu alisema tukae. Fanyeni, pangeni, uzeni, mama wa maandazi akitaka mwenyewe kuuza auze. Nasema mbakize kimoja.

Na sio lazima maua. Shangazi yenu yule wa Tanga ana sanduku la kanga, na sio kanga za kuvaa, anazinunua kwa ajili ya jina, yale maneno ya chini, anasimama dukani anasoma moja moja, ikiwa rangi ni mbaya lakini jina limemchoma anachukua, ikiwa mji na pindo vinapendeza lakini jina halina kitu anaiacha. Ukimtembelea usiku anazitoa moja moja anakusomea na anakwambia hii aliinunua kwa sababu ya jirani gani. Kuna mzee mwenzangu hapa ni mtu wa bao, bao lenyewe la kete 64, anaweza kukupangia upya mchezo aliofungwa zamani sana, akakuonyesha shimo alilokosea, bado linamuuma. Hao watu hawazeeki ovyo. Kwenye utumishi wa serikali ukifika miaka 55 unaweza kuomba kuondoka, ukifika 60 hamna kuomba, unaagwa unapewa saa ya ukutani, na nimewaona wenzangu ambao kitu pekee walichokuwa nacho ni cheo, wiki mbili tu wamerudi kukaa getini na mlinzi wanaulizia nani kahamishwa.

Mipaka ipo, nisiwadanganye. Ada ya mtoto ikiliwa na njiwa wa mapambo au na saa za mkononi za mtandaoni, huo sasa sio ugonjwa mdogo, tutaitana kikao. Ndio maana napenda vitu vya bei ya penseli. Na mwenzio nyumbani mwambie mapema, usimfiche, mama yenu nilimwambia kabla ya posa kwamba napenda vitu vya ofisi akasema afadhali hivyo kuliko pombe.

Ila na nyie msiwacheke wenzenu. Mke wako akiwa anakusanya vikombe ambavyo haruhusu mtu kuvinywea, mwache, vifute vumbi umsaidie. Mtoto akileta vizibo vya soda ndani mfuko mzima kavipanga kwa rangi, usivitupe ukasema uchafu, muulize kipi ni adimu, atakueleza mpaka chai ipoe. Na usimwambie achague kimoja cha maana, hicho ndio cha maana chake. Tena msikimbilie kupiga picha kila kitu, kingine kiache kikae bila watu kukipigia makofi, utajua kama unakipenda kweli au unapenda makofi.

Mkija Desemba, atakayetaka jani nitamkatia, nitamfungia na gazeti lenye unyevunyevu lifike Dar likiwa zima, kopo na udongo atafute mwenyewe, na huko kwenye joto lenu aliweke chumba chenye hewa mbali na jua la saa nane. Hela sipokei. Ila mkipita Kariakoo mkaona penseli 2B nichukulieni, huku dukani wananiletea HB tu kila siku, na tafadhali zisiwe zimeshachongwa.

Babu yenu, Lushoto