Mti ukikatwa mtaani, kuni zibaki mtaani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na watu wanaokata miti katika jiji hili: wenye viwanja, mafundi wa chenso (msumeno wa injini), wanaosafisha njia za nyaya za umeme na wanaopanua barabara. Siwazuii kazi yao. Nawaomba kuni.

Mwezi Aprili mwaka huu binti yangu alijifungua mtoto wake wa kwanza, akaletwa kwangu Kivule kukaa arobaini. Aliyewahi kulea mzazi anajua kazi yake. Asubuhi sufuria la lita 20, jioni tena lita 20, maji ya kumkanda na kumwogesha, achilia mbali uji, supu na maji ya kufulia nepi. (Muuguzi wa kliniki alituonya tusimkande kwa maji ya kuunguza wala tusimbonyeze tumbo, na tulimsikiliza, lakini maji ya moto yalihitajika vilevile.) Nina mtungi wa gesi wa kilo 6 ambao nikiwa peke yangu hunifikisha mwezi. Safari hii ulikata siku ya 12. Kuujaza ni zaidi ya shilingi 20,000, nami nauza mchicha na matembele asubuhi pale kituoni, biashara ambayo kwa siku hizo 40 nilikuwa nimeisimamisha. Nikarudi kwenye mafiga.

Sasa, kupata kuni kavu Dar wakati wa masika ni mtihani. Nilisenya vitawi kwenye njia, nikaokota makumbi na vifuu kwa jirani anayekuna nazi za biashara, nikamaliza ubao wa kitanda kilichovunjika. Siku ya 15 hivi, asubuhi, nikasikia chenso ng'ambo ya uzio wangu.

Kiwanja kile kilikuwa na miembe miwili mikubwa, ile dodo ya zamani, na mikorosho minne. Kimeuzwa. Vijana walikuja watatu na msimamizi wao, hadi saa sita mchana miti yote sita ilikuwa chini. Nilisimama uzioni nikitazama gogo la mwembe ambalo mimi na mtu mwingine tusingeweza kulikumbatia tukashikana mikono. Nikapiga hesabu: nikipata hata matawi peke yake, nikayachanja nikayaanika, maji ya mzazi hadi arobaini yamepatikana, na mengine yanabaki mpaka mwaka kesho.

Nikaenda kwa msimamizi nikamwamkia, nikamweleza nina mzazi ndani, nikamwomba waniachie matawi tu, nitayatoa mwenyewe. Hakunijibu vibaya. Alisema, "Mama, bosi anataka kiwanja kiwe cheupe Jumamosi, na lori la kubeba hakulipia." Alasiri wakarundika kila kitu katikati, wakatupia matairi mawili na oili chafu, wakawasha.

Mti mbichi hauwaki, Mhariri. Nusu ya uzito wake, au karibu na hapo, ni maji. Lile rundo lilitoa moshi siku nne. Mvua ilikuwa ikinyesha, linazima, likikauka kidogo linafuka tena, na upepo wa kusi unausukuma moshi moja kwa moja kwenye dirisha la chumba alicholala kichanga cha wiki mbili. Mwembe na mkorosho ni miti ya ukoo mmoja, utomvu wake unawasha, na moshi wake ukiwa mbichi unakereketa koo hata la mtu mzima. Ongeza tairi. Tulifunga madirisha, tukatundika khanga zilizolowa maji mlangoni, mwishoni binti akahamia kwa shangazi yake Kitunda kwa siku tatu, na mshono wake bado haujapona. Mimi nilibaki nalinda nyumba, natazama kuni zangu zikiteketea bure, na jikoni sina cha kuchochea.

Siku ya tano nilimlipa kijana wa guta, ile ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, shilingi 5,000 akaniletee mabanzi na vipande vya mbao kutoka kwa mafundi seremala. Walinipa bure, Mungu awabariki, nauli tu ndiyo iliyokuwa yangu. Guta likakwama kwenye tope la korongo, tukapakua mzigo wote, tukalisukuma, tukapakia upya. Nilipofika nyumbani ilibidi nichambue: mbao zilizopakwa rangi kando, zile za gundi zilizobandikwa karatasi ya kung'aa kando, na zile za rangi ya kijani zilizotiwa dawa ya mchwa kando kabisa. Hizo haziingii kwenye moto wa chakula wala wa maji ya mtoto, maana ile dawa ni sumu na moshi wake ni sumu. Kilichobaki kilikuwa robo tatu ya mzigo. Kilitufikisha.

Mimi ni mzaliwa wa Makete, milimani kwenye baridi, mkoa wa Njombe. Kule mtu hasenyi kuni za kupikia tu, kuni ndizo zinazoiweka nyumba. Juni na Julai sakitu, yaani umande ulioganda, hulala juu ya nyasi, asubuhi unakanyaga majani yanavunjika chini ya mguu, na mzee asiye na moto usiku haamki vizuri. Kwa hiyo kuni hazitafutwi wakati wa baridi. Zinatafutwa kabla, zinachanjwa, zinapangwa kwenye uchaga juu ya moto, za mwaka huu zikikauka na kusubiri mwaka ujao. Na mashamba ya miti ya mbao yakivunwa, mwenye shamba huchukua magogo yake, na ncha, matawi na mabanzi huachiwa wanakijiji. Hakuna aliyeandika sheria hiyo kijijini kwetu. Mama yangu alikuwa akisikia msumeno ng'ambo ya bonde anaanza kusokota ngata. Wenye shamba walifurahi, kwa sababu shamba linasafishwa bila wao kulipa kibarua.

Huo utaratibu ndio ninaoutaka huku, kwa sababu miti inaanguka kila siku. Kivule, Majohe, Chanika, Kitunda, kote huko yalikuwa mashamba ya minazi, mikorosho na miembe, na sasa ni viwanja. Mafundi wa nyaya wanapita kupunguza matawi ya mijohoro na miarobaini. Mvinje ukiangushwa na upepo barabarani unakatwa na kubebwa kwenda dampo Pugu Kinyamwezi. Mvinje, jamani! Hakuna kuni inayoushinda kwa moto katika pwani hii, na tunaulipia mafuta ya lori ukaoze juu ya takataka. Wakati huohuo kuna watu wanaoingia hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi usiku na mapanga, na wengine wanakata mikoko ufukweni, makosa ambayo wanajua ni makosa, kwa sababu nyumbani hakuna cha kuwasha.

Najua nitaambiwa serikali imeshasema tuhamie nishati safi. Nimesikia, na ninakubali. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 ulizinduliwa hapahapa Dar es Salaam na Rais Samia Suluhu Hassan, Mei 2024, na lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Mtungi ninao, na siku nikipata uwezo nitaongeza wa kilo 15. Moshi umewaua wanawake wengi polepole, mama yangu mmoja wao, alikohoa miaka. Lakini mti niliousema mimi umeshaanguka. Haukukatwa kwa ajili ya kuni. Utachomwa tu: ama kwenye kiwanja, mbichi, na tairi juu, mtaa mzima ukivuta, ama kwangu, mkavu, kidogokidogo, kwenye jiko banifu nje ya nyumba. Kati ya moshi huo na huo, naomba watu wa afya na mazingira watuambie upi ni mbaya zaidi.

Ninachoomba si kigumu. Mwenye kiwanja, kabla hujaleta chenso, pita ofisi ya serikali ya mtaa au kwa mjumbe wa shina useme siku na saa. Mitaa mingi sasa ina kundi la WhatsApp, tangazo ni la dakika moja. Kijana wa chenso akishaangusha mti, akate matawi pingili za urefu wa mkono, maana gogo la mita tatu mwanamke wa umri wangu halibebi, nalo guta halilichukui. Kisha tupewe siku tatu. Baada ya hapo kilichobaki ni chako, fanya unavyotaka, isipokuwa kukichoma kibichi. Nakuhakikishia hakitabaki kitu. Utakuta hata vitawi vya kidole vimefagiliwa, na hela ya lori umeiokoa.

Kuna jambo moja ambalo viongozi wa mtaa walisimamie. Tangazo likitoka, vijana wenye maguta watafika kabla ya jua, watabeba vyote wakawauzie akina mama ntilie. Sina ugomvi na riziki yao, nao wana watoto. Ila siku ya kwanza iwe ya majirani, na wazee na wenye wazazi ndani watangulizwe. Siku ya pili na ya tatu maguta yaingie.

Na sisi wachukuaji tuwe na adabu. Tusisogee mpaka chenso imezimwa. Watoto wakae mbali. Tawi lililolalia waya wa umeme lisiguswe na mtu, hata kama limekauka linaita. Mnyaa usibebwe kabisa, maziwa yake yakiingia jichoni yanaweza kupofusha, nimemwona mtoto akilia usiku kucha kwa tone moja. Ukifika nyumbani usiutupe mzigo chini kwenye unyevu: weka mawe, laza fito, panga kuni juu yake zikiwa zimeshachanjwa, bati juu, pembeni wazi upepo upite. Mwembe uliochanjwa Juni, kwa jua la kiangazi la hapa, Septemba unawaka. Utaujua kwa mlio. Gonga vipande viwili: kikavu kinalia ko, kibichi kinalia bu. Na nyoka wanapenda lundo la kuni, kwa hiyo chota kwa kutazama. Tena, makaa yasiingizwe chumbani kwa mzazi eti apate joto. Kwetu Makete nimezika watu wa nyumba moja waliofunga dirisha wakalala na jiko la mkaa. Ile hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu.

Mjukuu wangu hajambo, ana miezi sasa, anacheka. Kile kiwanja ng'ambo kimeshachimbwa msingi, na katikati bado kuna duara jeusi ambalo mvua zote hazijaliosha.

Naandika leo kwa sababu juma lililopita kiwanja kinachofuata kimepigwa bikoni. Kina mwembe mmoja, minazi mitatu na mjohoro ulionyooka vizuri. Mwenye kiwanja simfahamu. Kama unasoma gazeti hili, ndugu yangu, nyumba yangu ni ile ya geti la buluu inayotazamana na mjohoro wako. Gonga wakati wowote. Shoka ninalo, na mtu wa guta nimeshazungumza naye.

Mkazi wa Kivule,
Dar es Salaam